Bibi Mwalimu Anajibu: Sikio, Sabato na Banda la Ng'ombe

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Binti yetu wa pili ana miaka 17 na mwaka huu anamaliza kidato cha nne. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya uti wa mgongo. Mungu akamponya, ila sikio la kulia likafa kabisa na la kushoto linasikia kwa shida. Shuleni anakaa mbele na anasoma midomo ya walimu. Darasani si wa kwanza, wala si wa mwisho. Baiolojia anaipenda, Kemia anaenda nayo, Hisabati inamtesa.

Akili yake yote iko kwa ng'ombe. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na bwana mifugo akija ni yeye anayemshikia kamba na kumuuliza maswali mpaka mtu wa watu anachoka. Anataka kusomea mifugo. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya wanaume, tena kwa sikio lile hataiweza. Anataka aende chuo cha uuguzi cha kanisa, la dhehebu lolote, mradi atalelewa kiroho. Sisi ni Wasabato. Hofu yangu mimi ni Jumamosi, maana nasikia vyuoni mitihani hupangwa siku yoyote. Tena huyu mtoto, kwenye darasa lililojaa watu, nani atamkumbuka? Tumpeleke chuo gani?

*Mama wa Rungwe*

Marahaba mwanangu.

Nianze na baba, maana najua magazeti mengi nyumbani husomwa na yeye kwanza. Baba, unasema chuo cha kanisa la dhehebu lolote. Hebu tuyataje basi. Hapa Mbeya Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji ni cha Wamoraviani. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, na palepale Iringa kipo cha Ruaha cha Wakatoliki. Vyuo vya uuguzi vya makanisa navyo vingi viko chini ya hao hao. Wote ni wacha Mungu, na wote siku yao ya ibada ni Jumapili. Mkimpeleka binti huko kwa sababu getini kuna msalaba, Jumapili watampumzisha vizuri kabisa, na Jumamosi yake itabaki pale pale ilipo. Vinavyoendeshwa na Waadventista, yaani Wasabato wenyewe, vipo, Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River ni chao, ila huwezi kumsafirisha mtoto hadi Arusha kwa ajili ya Jumamosi kabla hujauliza kama anachotaka kusoma kinafundishwa hapo.

Kwa Msabato, dini ya chuo iko kwenye ratiba. Mkifika chuo chochote, cha serikali au cha dhehebu, ombeni kuona ratiba mbili za muhula uliopita: ya vipindi na ya mitihani. Huwa zimebandikwa ubaoni, hakuna siri. Hesabuni wenyewe Jumamosi ngapi zilikuwa na mtihani, na Ijumaa ngapi kipindi kilivuka machweo, Sabato inapoanza. Kisha muulizeni mkuu wa taaluma: mwanafunzi Msabato mtihani ukimwangukia Jumamosi, mnafanyaje? Akijibu kwa utaratibu, kwamba huandika barua, hupangiwa siku nyingine, au hufanya pamoja na wenye mitihani maalumu, mjue jambo hilo limeshawahi kufika mezani kwake. Akisema "tutaona hapo hapo", basi ndiyo hivyo, mtaona hapo hapo. Jibu la uhakika zaidi mtalipata kwa wanafunzi. Umoja wa wanafunzi Waadventista vyuoni, TUCASA, una vijana wanaojua mwalimu gani anaelewa na yupi haelewi. Barua ya mchungaji iwe mkononi siku ya kuripoti, wiki ya kwanza ya muhula. Nimewaona vijana wakiikimbilia Ijumaa mchana kabla ya mtihani, na hapo hata mwalimu mwenye huruma hana la kufanya.

Halafu kuna jambo ambalo barua yako imelinyamazia. Chuo cha mifugo kina banda, na banda lina zamu. Ng'ombe hukamuliwa Jumamosi kama siku nyingine. Sasa kwenu Rungwe, Jumamosi alfajiri kabla ya kwenda kanisani, nani anakamua? Naamini ni wewe au ni yeye, na mchungaji hajawahi kuwatenga. Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 14 aliuliza ni nani asiyemwopoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Kulisha, kukamua na kumtibu mnyama mgonjwa ni upande mmoja, kukaa kwenye mtihani wa maandishi ni upande mwingine, na familia nyingi za Kisabato ninazozijua zinaweka mstari hapo. Kaeni na binti mwamue mstari wenu uko wapi, ili akienda kuomba abadilishiwe, aombe vipindi na mitihani. Zamu ya banda aifanye kama wenzake. Mtu anayekwepa zamu ya banda kila wiki hapati marafiki, na huyu marafiki atawahitaji kuliko wengine.

Tuje kwenye sikio.

Kabla ya chuo, mpeleke akapimwe upya. Kipimo cha utotoni hakisemi anasikiaje leo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya muulizieni daktari wa masikio, pua na koo, apime sikio la kushoto na aseme kama kifaa cha kusaidia kusikia kitamfaa. Mkitoka hapo mtoke na maandishi. Karatasi hiyo ina kazi nyingi. Shule itumie kumtambulisha Baraza la Mitihani kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, kama bado hawajafanya, kwa hiyo muulize mkuu wa shule wiki hii, Novemba haiko mbali. Chuo kitaitaka kwenye faili lake. Na mkifika kwenye mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imefunguliwa hata kwa stashahada za fani chache, kilimo na mifugo zikiwemo. Wazazi wengi bado wanadhani mkopo ni wa chuo kikuu tu.

Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inayompa haki ya kusoma sawa na wengine. Msiingie nayo ofisini mkiipunga kama fimbo. Inatosha ijulikane kwamba mnaijua.

Sasa sikilizeni kitu ambacho huwa hakiandikwi kwenye vipeperushi vya vyuo. Huyu mtoto anasoma midomo, na midomo aliyoizoea ni ya walimu wake wa Tukuyu, ambao ikibidi wanamalizia kwa Kiswahili. Chuoni atakutana na maneno mapya ya Kiingereza, majina ya magonjwa na ya dawa, kutoka kwenye midomo ya watu asiowajua. Neno ambalo hujawahi kuliona limeandikwa huwezi kulisoma mdomoni. Kwa hiyo ombi lake kwa kila mwalimu liwe moja na lile lile: hendauti kabla ya kipindi. Siku moja kabla inatosha. Akishayaona maneno kwenye karatasi, mdomo utasomeka. Ombi hilo halimgharimu mwalimu chochote, na mwalimu anayelikataa amekwambia habari zake zote.

Mkienda kutembelea, nendeni siku ya masomo, siyo siku ya maonyesho wala mahafali. Mwingie darasani. Angalieni juu: kuna singibodi, au ni bati tupu? Wewe wa Rungwe huhitaji kufundishwa mvua inavyofanya juu ya bati. Hata mwenye masikio mawili mazima hasikii kitu. Angalieni mwalimu anaandika huku anaongea na ubao, au anageuka. Mwacheni binti akae viti vya mbele, upande wa kulia wa darasa, ili sikio lake la kushoto lielekee kwa wenzake wanaouliza maswali. Kisha mwulizeni yeye kasikia nini. Msimjibie. Na bwenini muone matroni, mmwambie kwamba king'ora na kengele ya asubuhi havitamwamsha, apewe mwenza wa chumba anayejua hilo.

Baba anasema kwa sikio lile hataweza kazi ya mifugo. Nilimuuliza mtaalamu wa mifugo ninayemfahamu hapa Uyole, mtu mzima aliyezeekea kazini, na alicheka. Akanionyesha kwa ng'ombe wake mwenyewe. Alikunja ngumi akaikandamiza ubavuni upande wa kushoto, pale penye shimo nyuma ya ubavu wa mwisho. Akaniambia niweke na mimi. Nikakaa pale, na punde nikahisi tumbo linapanda chini ya ngumi yangu, linasukuma, linashuka, kisha kimya, kisha tena. "Hapo nimeshajua tumbo linafanya kazi," akasema, "na stetoskopu iko ndani kwenye mkoba." Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huujua kwa kumpapasa mnyama tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega. Ugonjwa wa kiwele huujua kwa kijisahani chenye vikombe vinne, unakamulia maziwa ya kila chuchu, unatia dawa, unazungusha. Yakiganda kama ute, jibu unaliona kwa macho. Uhimilishaji, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu bila dume, ni kazi ya mkono. Stetoskopu ataihitaji kwa moyo na mapafu, hilo siwezi kulificha, na zipo zinazokuza sauti ingawa bei yake si ya mchezo. Aulize chuoni mapema jinsi watakavyompima kwenye vitendo.

Kuhusu kazi ya wanaume, sitatumia wino mwingi. Majani ya ng'ombe wa Rungwe anabeba nani kichwani?

Wala simaanishi kwamba uuguzi haumfai mwenye sikio bovu. Wapo wanaouweza. Lakini huyu hajautaka, na miaka mitatu ya stashahada ni mirefu kwa mtu anayesoma asichokitaka huku akikaza macho kwenye midomo tangu asubuhi hadi jioni. Uchovu wa kusikiliza hivyo ni mkubwa, na kinachomshikilia mtu hapo ni kupenda anachofundishwa.

Mmeuliza chuo gani. Kwa mifugo yenyewe, ulizeni Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA. Kampasi yake ya karibu nanyi ni Madaba, mkoani Ruvuma: mnapanda hadi Uyole, mnaenda Makambako, mnakunja Njombe na kushika barabara ya Songea. Ni safari, lakini si ya kulala njiani. Karibu zaidi ipo MATI Uyole, chuo cha Wizara ya Kilimo, pale pale njia panda, ambapo uzito uko kwenye kilimo. Mimi naegemea Madaba, kwa sababu kozi ndiyo aliyoililia. Lakini kama daktari atasema kifaa cha sikio kinahitaji kurudiwa mara kwa mara hapa Mbeya, Uyole itapanda daraja, na msiione kama kushindwa. Vyote viwili ni vya serikali, havina kanisa, kwa hiyo maswali ya ratiba niliyoyaeleza juu yanawahusu moja kwa moja.

Sifa za kuingia zisomeni kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wa mwaka huo, msisome kwenye mabango. Kwa mifugo Baiolojia na Kemia ndizo za kuzikazia macho, kwa hiyo ile Kemia anayokwenda nayo aikimbize miezi hii. Hisabati nayo asiiache ife, ila asiipe usingizi wake wote. Selfomu anayojaza shuleni hupeleka machaguo yake TAMISEMI, na matokeo yakishatoka dirisha la kubadilisha hufunguliwa kwa muda. Dirisha hilo mlitumie mkiwa mmeshatembelea. Akimaliza stashahada na alama nzuri, akitaka kuwa daktari wa mifugo kamili, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro wanafundisha kwa miaka mitano. Hilo ni la baadaye, ila baba apende kulisikia.

Assalaam alaykum Bibi,

Niko Mafinga. Kijana wangu matokeo yake ya kidato cha nne ni Elimu ya Dini ya Kiislamu B, Kiswahili C, Jiografia D, Uraia D, mengine F. Ana mkono mzuri wa mbao, anashinda kwa fundi seremala. Kuna mtu anasema nikimpa hela kidogo atamtafutia nafasi ya cheti katika chuo chenye maadili ya Kiislamu, kwa kuwa ana masomo manne. Je, nimpe?

*Mzee wa Mafinga*

Waalaykum salaam mzee wangu.

Usimpe hata nauli. Kozi nyingi za cheti zinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Ile B ya Dini ni nzuri, inaonyesha kijana ana kichwa akifundishwa anachokipenda, lakini haihesabiwi hapo. Na sheria hiyo haijali ni Uislamu au Ukristo: mtoto wa jirani mwenye B ya Biblia amekwama naye palepale. Mwenye chuo awe Mwislamu au padri, mlango wa kuingilia ni huo huo wa NACTVET. Kijana wako ana matatu.

Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, asajili masomo mawili matatu tu anayoweza kuyakamata, akitafuta hilo moja linalopungua. Hiyo ni njia, ingawa mimi nisingeanza nayo. Kwa mtu mwenye mkono wa mbao, anayeishi Mafinga, magogo ya Sao Hill yakipita mbele ya mlango kila siku, ningeanza na chuo cha ufundi stadi, VETA Iringa. Huko hawahesabu masomo manne. Unapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na cheti cha ngazi ya tatu kinaweza kumfungulia kozi za ufundi za juu zaidi, hata kufika chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kule Moshi, akitimiza sifa zao. Ulizeni mapema, maana fomu za VETA huja kwa msimu.

Na maadili, mzee wangu, kwa chuo cha ufundi maswali yako ni machache na yanajibika kwa mguu: msikiti uko umbali gani, Ijumaa saa saba karakana inawaachia vijana au la, na chakula cha bweni anapika nani. Nenda Ijumaa ukaone mwenyewe. Ukimkuta kijana mwenye kofia anatoka karakanani na vumbi la mbao akielekea kuswali, mfuate mwongee njiani.

Bibi Mwalimu shikamoo,

Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), naishi Iringa mjini. Nataka sheria. Baba ni mchungaji wa Kilutheri, anataka nisome Chuo Kikuu cha Iringa. Mimi nataka Ruaha kwa sababu rafiki zangu wanakwenda huko. Baba anasema nitageuzwa Mkatoliki. Nisaidie kumjibu.

*Binti wa Mchungaji*

Marahaba.

Sheria inafundishwa kote kuwili, na kote kuwili ukimaliza utakutana na wenzako mlango mmoja, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, kama unataka uwakili. Kwa hiyo msigombane kama vile mmoja anakupeleka mbinguni.

Kwa hofu ya baba, nenda Ruaha ukaombe sheria ndogo za wanafunzi, usome sehemu inayohusu ibada, umletee azisome kwa macho yake. Chukua na za Iringa, usizibague. Kwa hoja yako ya marafiki, mwanangu, mimi nisingeipeleka mbele ya mchungaji, wala mbele ya hakimu. Tafuta nyingine. Omba uingie maktaba zote mbili uone rafu za sheria, uliza kila chuo wana mahakama ya mazoezi na inakaa mara ngapi, na mzungumze na wa mwaka wa tatu, siyo wa kwanza ambao bado wanafurahia kutoka nyumbani. Viko mji mmoja, unaweza kuvimaliza siku moja kwa daladala.

Kisha weka ada zote mbili kwenye karatasi, za mwaka mzima, na bweni, na michango ile midogo midogo, utoe na kile ambacho ungeokoa kwa kulala kwenu. Tofauti ikiwa ndogo, baba hana hoja. Ikiwa kubwa, wewe ndiye huna.